Aliomba Mashua Kwanza

Somo: Luka 5:1-11



Habari ya Simoni na wale samaki wengi mnaijua tangu darasa la ubatizo. Tukiisoma tunakimbilia kwenye nyavu zilizotaka kukatika na vyombo viwili vilivyokaribia kuzama, maana hapo ndipo penye ajabu. Mwezi huu naomba tusimame mapema zaidi, kwenye jambo dogo ambalo mimi mwenyewe nililipita miaka mingi bila kuliona. Mtakatifu Luka anatueleza ya kuwa Bwana wetu, watu walipomsonga ufukoni, aliingia katika chombo cha Simoni akamwomba akisogeze kidogo kutoka pwani. Alimwomba. Yeye ambaye kwake vitu vyote vilifanyika, na bahari ikiwamo, alimwomba mvuvi aliyekesha bure, mwenye usingizi machoni, ambaye alikuwa akiosha nyavu zisizo na kitu. Kisha akaketi humo chomboni, akafundisha. Neno juu ya samaki lilikuja baadaye, mafundisho yalipokwisha, na hata hapo Simoni alipewa nafasi ya kusema aliyoyajua: kwamba usiku kucha hawakupata kitu.

Nawaandikia haya kwa sababu mwaka 2014 mimi nilifanya kinyume chake, na wengi wenu mlikuwapo.

Mnakumbuka siku zile baruti ilivyokuwa ikilia. Mlio wake tuliusikia tukiwa katika Misa ya asubuhi, siku nyingine mara mbili au tatu kabla ya Komunyo. Nilikuwa nimepata kijitabu juu ya matumbawe, nikakisoma Jumamosi usiku kwa taa, na Jumapili nikapanda mimbari nikiwa nimejaa maneno. Niliwaambia habari ya ikolojia na bioanuai. Niliwaambia ya kuwa kuvua kwa baruti kumekatazwa na sheria tangu mwaka 1970, na kwamba kifungo chake si kidogo. Mwisho nikasema ya kuwa mtu atupaye baruti baharini ni kama Yuda, anauza kwa vipande vya fedha kile asichoweza kukinunua tena. Nilijiona nimesema vema. Kijana mmoja wa kwaya aliinuka katikati ya mahubiri akatoka, na wenzake wawili wakamfuata.

Baada ya Misa mzee mmoja wa mtaa wetu, mvuvi tangu utoto wake, alinisubiri chini ya mkungu. Akanisalimu kama kawaida, akaniuliza habari za nyumbani, ndipo akasema: "Baba Padri, umesema kweli. Lakini wale samaki wa sikukuu ya mtaa uliwala."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwonyesha mtoto njia. Siku ya sikukuu lilikuja kapu la changu na tasi, zawadi kwa kanisa, na wakaletwa na kijana yule yule. Akina mama walipowapasua waliona mara moja: nyama laini isiyoshika, damu imevilia kando ya mfupa, uti wa mgongo umevunjika bila alama ya ndoana wala ya wavu, na kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa samaki kimepasuka. Kila mwanamke wa pwani anaijua alama hiyo. Walinyamaza ili wasiniaibishe mbele ya wageni. Nami nilibariki chakula, nikala, nikasifu mchuzi.

"Tena, Baba," akaendelea mzee, "unaisema bahari kama mtu aliyeiona kutoka barabarani."

Ndugu zangu, neno lile liliniuma kuliko la kwanza. Nilikwenda nyumbani nikakaa nalo. Kijitabu changu hakikuwa na uongo, na niliyoyasema kuhusu matumbawe yalikuwa sahihi. Lakini niliwafundisha wavuvi habari za bahari bila kuingia katika chombo cha hata mmoja wao, wala sikuwauliza wanajua nini. Nikaona ya kuwa kosa hili si la mapadri peke yao. Wataalamu wengi wameingia katika vijiji vyetu na picha zao na maneno yao marefu, wakaondoka jioni kwa gari, na kesho yake baruti ikalia kama jana.

Hebu niwasimulie kisa cha kweli, kinachotuhusu sisi watu wa Tanga. Desemba 1938, huko Afrika Kusini katika mji wa East London, binti mmoja mtunzaji wa jumba la makumbusho, jina lake Marjorie Courtenay-Latimer, alikuta katika fungu la samaki wa meli ya uvuvi samaki mkubwa wa rangi ya buluu, mwenye mapezi kama miguu mifupi. Hakumfahamu. Akachora picha yake, akaipeleka kwa barua kwa mtaalamu wa samaki, J.L.B. Smith. Mtaalamu alipoiona alishtuka, maana samaki wa namna ile walijulikana kwa alama zao katika mawe tu, na wataalamu wote walisadiki ya kuwa walikwisha duniani zaidi ya miaka milioni sitini iliyopita. Huyo ndiye samaki tunayemwita silikanti.

Smith alitaka kumpata wa pili. Alimtafuta miaka kumi na minne. Angeweza kuandika vitabu tu akangoja. Badala yake alipiga chapa karatasi yenye picha ya samaki na ahadi ya paundi 100 kwa atakayempata, ikasambazwa katika pwani hii ya Afrika ya Mashariki na visiwani. Nahodha mmoja Mwingereza mwenye jahazi la biashara, Eric Hunt, alizifikisha Komoro. Desemba 1952 mvuvi wa kisiwa cha Nzwani alivua silikanti usiku kwa mshipi, akampeleka sokoni Domoni kumwuza kama samaki mwingine yeyote. Alikuwa karibu kukatwa vipande. Mwalimu wa shule aliyekuwa ameiona ile karatasi alimtambua kwa picha, na watu wakambeba kuvuka milima ya kisiwa mpaka Mutsamudu alikokuwa Hunt. Smith aliletwa na ndege ya jeshi aliyopewa na Waziri Mkuu wa nchi yake, na alipomwona yule samaki alilia machozi, mtu mzima.

Sasa angalieni. Karatasi ile iliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Hakuna lugha hata moja ya hao wavuvi wenyewe iliyokuwamo. Ilifaulu kwa sababu ya picha, na kwa sababu ya mwalimu aliyeweza kusimama kati ya karatasi na soko. Na jambo la pili linanichekesha kila nikilikumbuka. Wavuvi wa Komoro hawakumwona silikanti kuwa ajabu. Walimjua miaka yote, walimwita gombessa, na hawakumpenda sana kwa chakula maana nyama yake ina mafuta mengi. Waliosadiki kwamba amekwisha duniani ni wasomi. Hakuna aliyekuwa amekwenda kuwauliza wavuvi.

Samaki huyo alikuja kuonekana kwetu pia. Mwaka 2003 alivuliwa Songo Songo, upande wa Kilwa, na tangu mwaka 2004 wengi walinaswa hapa Tanga katika majarife ya papa yaliyotegwa kwenye kina kirefu. Mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 unaonyesha ya kuwa silikanti huweza kuishi karibu miaka mia moja, na kwamba mimba yake huchukua kama miaka mitano. Nilipomweleza mzee wetu habari ya mimba ya miaka mitano, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi jarife moja laweza kuua ukoo." Yeye mwenyewe alisema, mimi sikusema. Nilikuwa nimempa hesabu tu.

Ndiyo njia niliyojifunza baadaye, na kwa taabu. Mwaka 2015, mwezi Machi na Aprili, watafiti walipita kwa chombo katika pwani yote ya Tanzania wakitafuta nyangumi na pomboo, na walivuta majini chombo cha kunasa sauti. Katika saa 231 za kusikiliza walinasa milipuko 318 ya baruti, na zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Habari hiyo niliipata ikiwa imekwisha chapishwa, nikawasomea wavuvi pale pale chini ya mkungu, jioni, wakitengeneza nyavu. Sikuongeza neno la Yuda. Wakahesabu wenyewe: mlipuko zaidi ya mmoja kwa kila saa. Mmoja akauliza, "Na hao pomboo, walisikia?" Nikamjibu ya kuwa walisikia, maana maji hupeleka sauti kwa haraka zaidi ya mara nne kupita hewa, na pomboo hutafuta chakula na kujua njia kwa masikio. Hakuuliza tena, lakini wiki ile aliwasimulia wengine, nami nikaisikia habari yangu ikinirudia sokoni kutoka kinywa cha mwuza dagaa, tena ikiwa imesimuliwa vizuri kuliko nilivyoisimulia mimi.

Miaka iliyofuata doria za serikali ziliongezeka, na milipuko ikapungua sana. Tumshukuru Mungu kwa hilo, na waliofanya kazi hiyo tuwashukuru. Lakini doria haiwezi kumweleza mtu kwa nini fungu lililolipuliwa miaka kumi iliyopita bado ni kifusi. Hilo linataka mafundisho.

Nami nililielewa vizuri siku alipokuja dada mmoja mtafiti, kijana. Hakuleta mashine ya picha. Alikaa mchangani, akatoa kipande cha tumbawe lililokufa, akampa mzee wetu akamwuliza: hapa ulipokuwa ukivua na baba yako, mwezi wa kusi ulipata nini, na mwezi wa kaskazi ulipata nini? Mzee alisema muda wa saa nzima. Alitaja samaki ambao vijana hawajawahi kuwaona. Dada aliandika yote. Ndipo naye akasema yake, na watu wakamsikiliza kwa sababu yeye aliwasikiliza kwanza.

Akatuonyesha vitundu vilivyo juu ya kile kipande. Kila kitundu, akasema, kilikuwa nyumba ya mnyama. Tumbawe si jiwe, ndugu zangu, wala si mti. Ni vijinyama vidogo, vingi vyao havizidi punje ya mtama, na kila kimoja hujijengea nyumba ya chokaa juu ya nyumba za waliomtangulia. Ndani ya miili yao hukaa mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, inayotengeneza chakula kwa nuru ya jua na kumgawia mwenye nyumba. Matumbawe mengine yenye matawi hukua kama sentimita 10 kwa mwaka, na yale makubwa ya duara hukua kama sentimita 1 tu. Mzee akachukua fimbo, akapima mchangani tumbawe la duara alilolijua, ambalo yeye na mkewe hawangeweza kulizungushia mikono. Tukapiga hesabu. Lilianza kujengwa kabla babu zake hawajazaliwa. Baruti ilililipua kwa muda wa kukohoa.

Na kifusi hakiponi upesi, kwa sababu vipande hubingirika na mawimbi, na tumbawe changa haliwezi kushika mahali pasipotulia. Mwamba ukibaki umesimama, na pono na tasi wakibaki kuula ule ukoka wa baharini unaoota juu yake, wachanga hupata mahali pa kushika na mwamba hurudi polepole. Pono na tasi hao ndio waliokuwa katika kapu la sikukuu yetu, au angalau tasi. Nilikuwa nimekula watunza bustani.

Jambo moja lazima niliseme, ili tusiwabebeshe wavuvi mzigo usio wao. Mwaka 1998 bahari yetu ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi yakageuka meupe, maana joto likizidi yale mapolipu, yaani vijinyama vile, hufukuza mimea yao, na wasipoirudisha mapema hufa kwa njaa. Joto lilirudi mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Hilo halikutokana na ngalawa wala dema. Joto hilo linatokana zaidi na moshi wa viwanda, magari na mitambo, na sehemu kubwa ya moshi huo imetoka katika nchi tajiri. Mhubiri anayemkemea mvuvi kwa matumbawe yote yaliyokufa, huku akinyamaza juu ya moshi huo, anasema nusu ya kweli, na mvuvi anajua.

Kanisa letu lilipokuja pwani hii lilikuwa na watu waliolifahamu jambo hili la kuomba mashua. Askofu Edward Steere alipofika Unguja alikaa na wenyeji akisikiliza hadithi zao na kuziandika, naye akazichapisha mwaka 1870 kwa Kiswahili chao na Kiingereza. Alisikia kwanza, ndipo akatafsiri Maandiko. Kanisa Kuu alilojenga Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, lina mawe ya matumbawe katika kuta zake. Kila tunaposimama humo tunasimama ndani ya kazi ya vile vijinyama. Na majirani zetu Waislamu wametutangulia katika jambo lingine. Kisiwani Misali, upande wa magharibi wa Pemba, palipotengwa kuwa hifadhi mwaka 1998, viongozi wao wa dini walitumia mafundisho ya Kurani kuwakumbusha wavuvi ya kuwa mwanadamu ni mtunzaji aliyewekwa na Mungu. Sisi tunayo Zaburi ya 104, inayoisifu bahari na viumbe wake wasiohesabika, na Ayubu aliyewaambia rafiki zake wenye maneno mengi wakawaulize samaki. Mara ngapi nimehubiri juu ya Ayubu, nami nimeacha hilo la samaki?

Ninyi mtauliza habari ya kijana yule wa kwaya. Nilimfuata nyumbani kwao wiki tatu baadaye, baada ya kujishauri sana, nikamwomba msamaha kwa neno la Yuda nililolisema mbele ya watu, na kwa kumhukumu nikiwa na samaki wake tumboni. Aliniambia, "Padri, ulisema kweli." Nikamwambia kweli iliyosemwa vile ilikuwa jiwe. Akaniuliza kama kanisa lilijua bei ya mshipi na ndoana, na bei ya kukodi ngalawa kwa mtu asiye na chombo. Sikujua. Nilikuwa nimejua bei ya dhambi tu.

Halmashauri ya mtaa ilimkopesha fedha kidogo za zana, na mzee wetu akampokea katika chombo chake. Mpaka leo huvua naye kwa mshipi na dema. Amekwisha lipa deni lake. Kanisani hakurudi. Akiniona ufukoni hunisalimu kwa heshima, nami humwitikia, na kila mmoja wetu anajua kilichoko kati yetu. Mniombee, na yeye mmwombee.

Basi, tangazo. Jumapili ya bamvua mwezi ujao maji yatakauka sana kama saa nne na nusu asubuhi, kwa hiyo Misa itakuwa saa kumi na mbili na nusu badala ya saa tatu. Wasimamizi wa kengele wazingatie. Baada ya Misa tutakwenda pamoja kwenye fungu, watoto wa Shule ya Jumapili wakiwa mbele na wazazi wao. Wenye viatu vya mpira wavae, maana kuna miiba, na mtu asikanyage tumbawe lililo hai wala kuokota kitu. Mzee ndiye atakayefundisha. Ameahidi kutuonyesha mahali palipolipuliwa na mahali palipoanza kupona, na kutaja majina ya samaki wote wa zamani ili watoto wayaandike katika daftari. Akina mama wanaokwenda pweza wameombwa waseme nao wanayoyajua, hasa juu ya kuacha pweza wadogo wakue, maana pweza hukua upesi na haishi muda mrefu, na wao wanajua mashimo yake kuliko mtu yeyote. Wasio Wakristo wanakaribishwa, tumekwisha zungumza na wazee wa msikiti.

Mimi nitakuja na daftari yangu. Nimemwomba mzee nafasi katika ngalawa yake, naye amenikubalia, ila amesema kijana ndiye atakayeshika usukani, na kwamba nikae katikati nisitingishe chombo.

Wenu katika Bwana,
Padri wa Mtaa